Ziwa halisomi futi kamba

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au mwambao wa ziwa. Usimamizi wake ni mwepesi: futi kamba, watu wawili wa kuivuta, na kopo la rangi nyekundu kwa ajili ya nyumba itakayokutwa ndani ya kipimo. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Kagera, kutoka Bukoba mjini, kupita Kemondo, hadi mialo ya Muleba, mita 60 hizo zimegeuka kuwa mpaka kati ya aliye hatarini na aliye salama. Aliyejenga ndani yake anajua anacheza na ziwa. Aliyejenga mita 70 kutoka majini analala usingizi wake. Sina ugomvi na sheria hiyo; ilitungwa kulinda vyanzo vya maji na viumbe wake, na kwa kazi hiyo inafaa. Ugomvi wangu ni na sisi tulioichukua tukaifanya kipimo cha mafuriko. Nani atalowa na nani atabaki mkavu huamuliwa na kimo cha ardhi juu ya maji. Umbali wa kutembea kwa miguu una nafasi ndogo sana katika hesabu hiyo. Ufukwe wa Bukoba na Muleba haujapimwa kwa namna hiyo, na mpaka upimwe, mazungumzo yote ya hatari ya mafuriko katika mwambao huu yatabaki kubahatisha.

Ufundi wa kuipima hatari hiyo umekomaa zaidi kwa watu wanaochunguza tsunami, kwa hiyo inafaa kuanza nao ingawa Bukoba iko mbali na bahari. Modeli ya tsunami ni hesabu inayofanywa na kompyuta kwa hatua tatu. Kwanza inakadiriwa sakafu ya bahari imepanda au kushuka kiasi gani, juu ya eneo la ukubwa gani, kwa maana maji yaliyo juu yake yatanyanyuka au kuzama kwa kiasi kile kile. Pili, wimbi linasafirishwa. Hapa kanuni ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: chukua kina cha maji kwa mita, zidisha kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili, nawe umepata mwendo wa wimbi kwa mita katika sekunde. Penye kina cha mita 4,000 jibu ni zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo unaokaribia ule wa ndege ya abiria. Ndiyo maana mawimbi yaliyozaliwa na tetemeko la Sumatra tarehe 26 Desemba 2004 yalifika mwambao wa Afrika Mashariki siku ile ile. Hatua ya tatu ni wimbi kutua nchi kavu, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Baharini wimbi linapita juu ya sakafu pana ambayo kosa la mita kumi katika kina halibadilishi kitu. Likishafika ufukweni, tuta la nusu mita, mfereji, ukuta wa shule au mdomo wa mto unaweza kuamua mtaa upi umefunikwa na upi umebaki. Kwa hiyo wataalamu hao hutenganisha vipimo viwili: maji yameingia ndani umbali gani, na yamepanda hadi kimo gani. Kila kimoja kina ramani yake.

Mwaka 2004 Tanzania ilipoteza watu wasiopungua kumi, idadi ndogo sana mbele ya msiba wa Indonesia, Sri Lanka au hata Somalia, na sababu mojawapo ni kwamba wimbi lilipofika kwetu bahari haikuwa imejaa. Bahati hiyo ilizaa fikra kwamba pwani yetu haiguswi. Mwaka 2020 kundi la watafiti lililoongozwa na Vittorio Maselli, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilichapisha matokeo ya uchimbaji wa Pangani: tabaka la mchanga wa baharini lenye umri wa miaka 1,000 hivi, na ndani yake mabaki ya watu waliokumbwa na maji katika makazi yao. Waliyaona mabaki, kisha wakaendesha modeli kutafuta ni tetemeko la wapi, na la ukubwa gani, lingeweza kulifikisha wimbi la namna hiyo kwenye mlango wa mto Pangani. Jambo la kuondoka nalo hapo ni mpangilio wa kufikiri: ushahidi wa ardhini unaiuliza modeli swali, na modeli inauliza kama tukio hilo linaweza kurudi. Watu waliozaliwa ndani ya kipindi kitulivu hawawezi kulijibu swali hilo kwa kumbukumbu zao.

Basi, Ziwa Victoria linaweza kuzaa tsunami? Swali hili lina uzito katika mkoa huu. Alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, likaua watu zaidi ya 15, likabomoa maelfu ya nyumba na kupasua kuta za shule za siku nyingi. Nyumba zilianguka, ziwa likabaki mahali pake. Sababu zinaeleweka. Tetemeko lile lilianzia chini sana, takriban kilomita 40, na kwa ukubwa wake ardhi ya juu husogea kwa sentimita tu. Tsunami za kuogopwa huhitaji, kwa kawaida, tetemeko la ukubwa wa 7 au zaidi, linalovunja ardhi karibu na uso na kuinyanyua sakafu nzima. Lile la Sumatra lilikuwa la 9.1 na ufa wake ulikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Isitoshe, ziwa letu ni pana lakini si la kina. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na bado wastani wa kina chake ni mita 40 na mahali penye kina kuliko pote hapafiki mita 90. Tia mita 40 katika ile kanuni na wimbi linakwenda kilomita 71 kwa saa. Kutoka mashariki hadi Bukoba, umbali wa kilomita 240 hivi, lingetumia saa tatu na zaidi, likipoteza nguvu njiani.

Ziwa Tanganyika ni kiumbe kingine kabisa. Limekaa ndani ya Bonde la Ufa lenyewe, kina chake kinafika mita 1,470, kuta zake zimesimama wima, na tarehe 5 Desemba 2005 eneo lake lilitikiswa na tetemeko la 6.8. Anayetafuta tsunami ya ziwani Tanzania aanzie Kigoma. Victoria ni sinia lililo kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Lilijaa baada ya ardhi ya magharibi kunyanyuka na kuizuia mito iliyokuwa ikitiririka kuelekea huko, Kagera na Katonga ikiwamo, hata maji yakageuka na kutuama. Kwa lugha nyingine, mwinuko unaowapa watu wa Kagera mandhari yao ndio uliolizaa ziwa.

Lakini haitoshi kusema “hapana” na kufunga daftari, kwa kuwa maziwa yana njia ya pili ya kuzaa wimbi kubwa: poromoko. Mwaka 563 mlima uliporomoka mwishoni mwa Ziwa Geneva huko Uswisi, matope yaliyolala kwenye mlango wa mto Rhône yakateleza, na wimbi likasafiri ziwa zima. Miaka 1,400 na ushee baadaye watafiti walipima matope hayo chini ya maji, wakaendesha modeli, wakapata wimbi la mita 8 lililoufikia mji wa Geneva. Mwambao wa Bukoba una magenge ya mawe ya mchanga yanayolitazama ziwa, na yapo mahali ambapo mwamba unasimama karibu kabisa na maji. Kipande kikubwa kikianguka, maji ya karibu yataruka. Tofauti ni kwamba Ziwa Geneva lina kina cha mita 300 hivi na kuta za kulisha wimbi, wakati hapa wimbi la poromoko lingeangukia maji ya kina kifupi na kufifia baada ya kilomita chache. Kwa kambi ya wavuvi iliyo chini ya genge hilo hilo, kilomita chache ni nyingi mno. Kwa mji wa Bukoba kwa jumla, hii si hatari ya kuipangia bajeti. Nadhani ndiyo faida ya kwanza ya modeli, na husahaulika: inatuondolea hofu zisizo na msingi kwa sababu zinazoweza kukaguliwa, ili hofu iliyobaki ielekezwe panapostahili.

Iliyobaki ni kubwa. Mvua za mwishoni mwa 1961, zile zilizonyesha wakati Tanganyika ikipokea uhuru, zililipandisha ziwa kwa takriban mita 2.5 kufikia mwaka 1964. Halikurudi. Vizazi viwili vya watu wa mialo vimezaliwa na kuzeeka kwenye ufukwe uliotengenezwa na mvua hizo. Kisha likaja anguko: Oktoba 2006 kipimo cha Jinja, Uganda, kilisoma takriban mita 10.4, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920, na wachambuzi waliona kuwa karibu nusu ya upungufu huo ilitokana na maji yaliyofunguliwa kupita kiasi kwenye mitambo ya umeme ya Owen Falls, hapo hapo Jinja. Mei 2020 kipimo hicho hicho kikasoma mita 13.42 na kuivunja rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Mwaka 2024 maji yakapanda tena hadi kiwango cha aina hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka huo, ukiongozwa na Rosa Pietroiusti wa Brussels, ulikadiria kuwa mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa mpando kama wa 2020 kwa mara 1.8, ingawa mchango wake katika kimo chenyewe ulikuwa sentimita 7 tu. Sehemu iliyobaki ni tabia ya ziwa lenyewe, ambalo karibu asilimia 80 ya maji yake huletwa na mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Mvua ikizidi kidogo kwa misimu miwili mfululizo, hakuna mlango wa kutosha wa kuyatoa.

Sasa chukua tofauti ya 2006 na 2020, karibu mita 3, uipeleke ufukweni pamoja na futi kamba. Tuseme mahali fulani ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 100 unazotembea kutoka majini, mteremko ambao jicho linauona kama tambarare. Mtu aliyepima mita 60 zake kihalali mwaka 2006 akajenga, sakafu yake ilikuwa sentimita 60 juu ya ziwa. Kufikia Mei 2020 mstari wa maji ungekuwa mita 240 nyuma ya nyumba yake, na ndani ya nyumba mngekuwa na maji ya mita 2.4. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 2, jirani aliyevunja sheria akajenga mita 20 kutoka majini alikuwa mita 10 juu ya ziwa, na mwaka 2020 hakulowesha hata kizingiti. Mtiifu amezama, mkaidi ni mkavu. Nimetumia mfano wa kufikirika kwa makusudi, kwa kuwa namba zake zinaweza kukaguliwa na mwanafunzi wa sekondari, na kwa kuwa unafichua swali ambalo sheria haikulijibu: mita 60 zinaanzia kwenye mwambao wa mwaka gani?

Tena maji ya ziwa hayapandi yakiwa yametulia. Upepo ukivuma kwa saa kadhaa kuelekea magharibi hulisukuma tabaka la juu na kulirundika upande wa Kagera. Kwa upepo wa mita 15 kwa sekunde juu ya ziwa lenye upana na kina nilivyotaja, hesabu inatoa tofauti ya sentimita 25 hivi kati ya mwambao mmoja na mwingine, na katika ghuba zenye kina kifupi tofauti inazidi. Upepo ukikata, maji yaliyorundikwa hurudi, yakapita kiasi, yakarudi tena, kama maji ya beseni lililosukumwa. Kwa Ziwa Victoria mzunguko mmoja wa kuyumba huko, mashariki hadi magharibi, unakaribia saa saba. Juu ya hayo weka mawimbi ya dhoruba. Mvua kali za ziwani hupenda kuja usiku, pale upepo wa kutoka nchi kavu pande zote unapokutana katikati ya ziwa lenye joto, na mwambao wa magharibi ndio unaopokea sehemu kubwa ya mvua hiyo: Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kiwango ambacho Dodoma ingehitaji zaidi ya miaka mitatu kukikusanya. Wahaya wa zamani walimtambua Mugasha kuwa bwana wa ziwa na wa tufani, wakampa heshima yake. Walikuwa wameshaunganisha maji na upepo katika jambo moja, kitu ambacho ofisi zetu, moja ikipima mvua na nyingine ikipima kina, bado zinahangaika kukifanya.

Mji wa Bukoba unaonyesha mambo haya yanavyoshikana. Sehemu yake ya chini imekaa kwenye tambarare kati ya vilima na ziwa, ikiwa na bandari, mitaa ya biashara, na uwanja wa ndege ambao njia yake inaishia karibu na maji. Mto Kanoni unapita katikati ya mji kabla ya kuingia ziwani. Ziwa likiwa chini, mvua inayonyesha milimani hupata njia ya kutoka. Ziwa likiwa juu, mdomo wa mto unazibwa na maji ya ziwa, na mvua ile ile inafurika nyuma, katika mitaa ambayo hakuna mtu anayeiita ya ziwani. Mkazi wa namna hiyo anaweza kuwa mita 800 kutoka ufukweni, mbali na kila futi kamba, na bado ziwa ndilo lililomfikisha maji mlangoni. Modeli inayochukua mto peke yake haitamwona. Inayochukua ziwa peke yake pia haitamwona. Zikiunganishwa, kwa namna ile ile watu wa tsunami wanavyounganisha wimbi na kujaa kwa bahari, anaonekana.

Muleba ina shida ya aina nyingine. Sehemu kubwa ya wilaya hii ni maji: kuna Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe, Mazinga na visiwa vingine ambako watu wamewafuata samaki hadi ukingoni kabisa. Mwalo hauwezi kuhamia mita 60 juu kilimani. Mitumbwi inavutwa mchangani, dagaa wanaanikwa ufukweni, mashine ya barafu na duka la nyavu vinasogea karibu na mtumbwi. Nyumba nyingi ni za mabati na mbao, wenyewe wakihama kwa majira ya samaki. Kuwaambia watu hawa wasikae karibu na ziwa ni sawa na kuwaambia wasivue. Wanachoweza kuambiwa kwa manufaa ni kitu mahususi zaidi: katika mwalo huu, sehemu ile iko nusu mita tu juu ya kiwango cha 2020 na sehemu hii iko mita 2, basi jengeni vyoo, zahanati na ghala hapa, na pale pabaki pa kuanikia dagaa. Vyoo navitaja kwanza kwa makusudi. Maji yakipanda sentimita 40 nyumba ya mabati inavumilia, lakini shimo la choo likifikiwa, kipindupindu hakisubiri mafuriko makubwa.

Kizuizi cha kupata maelezo mahususi hivyo ni data ya mwinuko, wala kompyuta si tatizo. Ramani za mwinuko zinazopatikana bure kwa dunia nzima zilitokana kwa sehemu kubwa na rada iliyopandishwa angani mwaka 2000, na rada hiyo huona kitu cha kwanza inachokigonga. Juu ya kibanja cha Mhaya inagonga majani ya migomba na matawi ya miti inayoipa kivuli. Juu ya mji inagonga mabati. Matokeo yake ardhi inaonekana iko juu kuliko ilivyo, mara nyingi kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ndizo zote tunazozizungumzia. Mwaka 2019 Scott Kulp na Benjamin Strauss walisahihisha kosa hilo kwa pwani za dunia nzima. Idadi ya watu wanaoishi chini ya mstari wa maji kujaa, ambayo kwa data ya zamani ilikuwa milioni 28, ikawa milioni 110. Bahari haikuwa imesogea hata kidogo. Kilichobadilika ni kipimo cha nchi kavu. Modeli nzuri ya ziwa ikilishwa mwinuko wa migomba itatoa ramani ya kupendeza yenye uongo, na ramani hiyo ni mbaya kuliko kukosa ramani, kwa kuwa itawekwa kwenye fremu ofisini na kuaminiwa.

Kuna watakaosema kazi ya kupima mwambao mzima ni ya mataifa yenye fedha. Tanzania yenyewe imeshajibu. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa mitaa inayofurika, kuchora ramani ya Dar es Salaam nyumba kwa nyumba na mfereji kwa mfereji, kwa programu za bure. Mwaka uliofuata Zanzibar ilianza kupigwa picha kwa droni, Unguja na Pemba, kazi iliyoongozwa na Kamisheni ya Ardhi huku vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakizirusha. Picha za droni zinazopishana hutoa mwinuko, na vipimo vichache vya setilaiti vilivyochukuliwa ardhini kwa uangalifu huusahihisha hadi sentimita. Mwambao wa Bukoba na Muleba hauhitaji kupimwa wote. Magenge yanajisemea yenyewe. Zinazotakiwa ni tambarare za mji, midomo ya mito, Kemondo, na mialo yenye watu wengi. Kuhusu kiwango cha ziwa, setilaiti zimekuwa zikikisoma tangu 1992 na kipimo cha Jinja kimeandikwa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Maziwa machache duniani yana kumbukumbu ndefu hivyo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa watu wa vitendo: modeli ya nini, na alama ya 2020 tunaijua? Chora mstari pale maji yalipofika, kataza chini yake, basi. Nakubali nusu. Alama hiyo ni ya thamani, na halmashauri ambayo haijaiweka kwenye nguzo za zege kabla kumbukumbu haijafutika inapoteza kitu ambacho hakinunuliki. Wazee wanaokumbuka maji ya 1964 yalifika kwenye mti gani nao wana kipimo mkononi, na modeli isiyolingana na ushuhuda wao ndiyo inayopaswa kurekebishwa kwanza. Ila alama moja inasema kilichotokea siku moja, kwa upepo wa siku ile, kwa mto Kanoni wa siku ile. Haisemi kitatokea nini kiwango cha 2020 kikikutana na dhoruba ya usiku, au mfereji mpya ukichimbwa, au mchanga ukichotwa ufukweni, au uamuzi wa kufungua maji Jinja ukichelewa. Zaidi ya hapo, 1964 na 2020 zilitofautiana kwa sentimita moja, na mtu anaweza kushawishika kuamini kwamba ziwa lina dari. Halina. Matope ya sakafuni yanaonyesha kwamba miaka zaidi ya 15,000 iliyopita lilikauka, na kulizunguka zipo alama za fukwe za kale zilizo mita kadhaa juu ya maji ya leo. Rekodi mbili zilizokaribiana ni bahati ya namba.

Hofu ya mwisho inasemwa kwa sauti ya chini, nayo naiheshimu kuliko zote: ramani ikishachorwa, italeta bomoabomoa. Mtu wa Bilele au Miembeni, mjini Bukoba, mwenye nyumba aliyoijenga kwa kahawa ya miaka ishirini hana sababu ya kufurahia kompyuta inayopaka mtaa wake rangi ya bluu, na historia ya alama za X nyekundu katika miji yetu haimpi moyo. Jibu liko katika namna ramani inavyoandikwa. Mstari mmoja unaogawa watu kuwa wa ndani na wa nje ni silaha. Ndivyo mita 60 zilivyo tayari, na bomoabomoa inaweza kuja leo bila modeli yoyote. Modeli iliyofanywa kwa uaminifu haitoi mstari. Inatoa uwezekano: kiwanja hiki huenda kikaguswa mara moja kwa kizazi kwa maji ya magoti, kile karibu kila dhoruba ziwa linapokuwa juu, na kosa la makadirio ni sentimita kadhaa juu au chini. Kwa maelezo ya aina hiyo mwenye nyumba anaweza kuinua msingi kwa matofali matatu, kuhamisha choo, kukataa kununua kiwanja, au kwenda mbele ya baraza na kubisha kwa vipimo kwamba yeye yuko juu na aliyepewa kibali yuko chini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia mkoa hadi kijiji. Kamati za vijiji vya mwambao zingeweza kuanza na kazi ndogo kabla ya droni kufika: kusimika nguzo katika kila mwalo, zikiwa na alama ya 2020, zikafungwa kwenye kipimo kimoja na kile cha Jinja, ambacho sifuri yake iko takriban mita 1,123 juu ya usawa wa bahari. Siku redio ikitangaza kwamba Jinja imesoma 13, mtu wa Ikuza atatazama nguzo yake na kujua zimebaki sentimita 42.